Kupima kwa Mgongo

Gari la wagonjwa lilipaa juu ya mawe meusi ya jangwa la Chalbi, halina dereva wala usukani, likakaa hewani kiasi cha mtu kumeza mate, kisha likatua. Wageni waliokuja kuona majaribio, wakiwa chini ya turubai, walikunja nyuso wakingoja kishindo. Wakasikia pumzi tu, fyuuu, basi. Zile zilikuwa stopa za hewa, mitungi miwili minene iliyofungwa kwenye chasi, juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. Springi zikikandamizwa hadi karibu na mwisho, vyuma vya stopa hukutana na sahani zilizo kwenye ekseli, naitrojeni iliyo ndani inajibana, na kishindo kinamezwa kabla hakijafika kwenye uti wa mgongo wa mtu.

"Safi kabisa," alisema Mhandisi Mutwiri, mkuu wa mradi. "Sasa twende tukale."

"Bado, mhandisi," alisema Talaso, aliyezichagua na kuzifunga stopa hizo. "Hatujalipima kwa mgongo."

Karakana za mji wa Maikona, zilizolijenga gari hilo, zilikuwa na vihisio vya kila namna, lakini mafundi wake hawakuwahi kuamini kitu kisicho na kiuno. Gari jipya halikubeba mgonjwa mpaka aliyelibuni na aliyelifunga wakae kiti cha nyuma, juu ya ekseli, waruke nalo wakiwa na mzigo kamili. Mutwiri aliwahi kuikwepa desturi hiyo. Alisingizia mkutano mjini, na Dida, kaka yake Talaso, fundi aliyelifunga gari la siku hiyo, akaruka peke yake. Chuma cha stopa, alizozifunga Mutwiri mwenyewe, kilikosa sahani, kikapinda, ekseli ikaipiga chasi. Dida hakusimama tena. Mutwiri aliiambia kamati ya uchunguzi kwamba Dida alizidisha mwendo, na kamati, iliyokuwa imeshiba nyama yake ya mbuzi, ikaafiki.

Tangu siku hiyo Talaso alimchukia Mutwiri asubuhi na jioni, bila kuchoka. Kazi hii aliiomba kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa ni kumpata mtu huyo kwenye kiti kile.

Mbele ya wageni wote Mutwiri hakuweza kukataa. Wakafunga mikanda, tangi la maji likajazwa nyuma yao, gari likaondoka. Lilitii sauti moja tu, ya fundi aliyelifunga, na maneno ya ndani yalirushwa hadi kwenye vipaza sauti vya turubai, ambako Dida alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Mhandisi," alisema Talaso kwa upole, "hizi nimezifunga kama ulivyofunga zile za Dida. Springi sikuzitoa ili niipandishe ekseli mpaka juu nione chuma kinatua wapi. Nimechomelea kwa kufuata mchoro."

Mutwiri alicheka kidogo. "Acha utani, dada. Si tumeona limeruka?"

"Tupu. Sasa lina mzigo, ekseli itapanda mpaka mwisho. Na wewe unajua ikipanda hivyo inarudi nyuma, chuma kinakosa sahani."

Alijua. Rangi ikamtoka usoni. Mbele yao korongo lilikuwa linakaribia.

"Lisimamishe!"

"Watu wanakusikia. Waambie kwanza."

"Talaso, nina watoto, tafadhali!"

"Hata Dida alikuwa nao."

Gari likaongeza mwendo. Mutwiri akavuta mkanda, akapiga mlango ngumi, halafu maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. "Sikuzitoa springi! Nilikuwa na haraka, nikaamini mchoro! Dida hakwenda mbio, nilimsingizia! Lisimamishe!"

Talaso hakulisimamisha. Likaruka korongo, likatua, stopa zikashusha pumzi, na maji ndani ya tangi yakatikisika kidogo.

"Ziko sawa," alisema. "Springi nilizitoa. Nilipandisha ekseli, magurudumu yote mawili, kisha moja moja, mpaka chuma kikakaa katikati ya sahani. Mimi si kama wewe."

Mutwiri alikuwa amelowa suruali. Talaso alimtazama, akaona utamu ambao hajawahi kuuonja maishani, wala hakuuonea haya.

Walipofika kwenye turubai, wageni wakamzunguka mhandisi kwa maswali na makelele. Talaso akapenya katikati yao mbio hadi kwa kaka yake, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Umesikia, kaka? Wote wamesikia!"

Dida hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Mutwiri.

"Nilisadiki kwamba nilizidisha mwendo," alisema. "Walivyosema, ndivyo nilivyoamini. Nililia, nikajilaumu, mwishowe nikajisamehe. Unajua kazi niliyoifanya, Talaso? Nilikuwa nimemaliza."

"Lakini hukuwa na kosa!"

"Ndiyo." Aliyashika magurudumu, akakigeuza kiti kumwelekea Mutwiri. "Aliyenivunja nilishamsamehe, nilidhani ni mimi. Leo umeniletea mwingine."