Majina Matatu ya Bwana Pyo

Jumamosi, Soko la Seomun mjini Daegu halina nafasi hata ya kupiga chafya. Tak Pil-nam alikuwa ameinamia kazi kwenye kibanda chake cha mihuri na funguo, chini ya ngazi za jengo la vitambaa, aproni imejaa vumbi la mbao na nywele kazibana kwa penseli, mwanamume mmoja aliposukumwa na mkokoteni wa majora akaiangukia kaunta. Funguo zote zikamwagika.

"Samahani dada, samahani sana!"

"Samahani haiokoti. Okota."

Aliokota. Alikuwa mrefu, koti lake la kijivu limepigwa pasi na mtu mwingine, hilo Pil-nam aliliona upesi, na masikio yamemwiva kwa haya. Akiwa bado kachuchumaa akasema, "Na wala sikupotea njia. Nilikuwa nakuja hapahapa. Nataka muhuri wa jina, wa kutilia sahihi. Pyo Do-yun."

Pil-nam alimtazama kuanzia viatu hadi utosi. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano haitwi Do-yun. Do-yun ni jina la chekechea. Ukiliita uwanjani wanageuka watoto saba.

"Umelinunua lini?"

"Nini?"

"Hilo jina. Bado linanukia dukani."

Mwanamume alisimama, akaweka funguo mezani moja moja. "Mwezi uliopita. Kabla ya hapo nilikuwa Jae-hyeon."

"Na kabla ya hapo?"

"Man-bok," alisema, kama mtu anayeungama wizi.

Pil-nam alicheka hadi penseli ikamdondoka kichwani. Maana yake baraka elfu kumi! Jina hilo mteja alipewa na marehemu baba yake, dereva wa basi aliyependa watu na pombe. Baba alipofariki, mama alikwenda kwa mtaalamu wa majina, akarudi na Jae-hyeon, ili mwana afaulu mtihani wa utumishi wa serikali. Mwana akaanguka mara mbili, akapita ya tatu kwa shida. Mama akarudi tena, akapewa Do-yun, ili kijana apandishwe cheo na apate mke. Mara zote mbili mwana alikwenda mahakamani kuomba kibali, mpole kama kondoo wa kunyolewa.

Wataalamu hao Pil-nam aliwajua mno, maana nusu ya wateja wake walitoka kwao. Mtu anakaa juu ya duka la dawa, kafuga ndevu kwa ajili ya wateja, anahesabu mipigo ya brashi na kumwambia mama wa watu kwamba nyota ya mwanawe imepungukiwa maji. Anamchomekea silabi yenye maji, anapokea bahasha. Angekuwa anajua bahati inakopatikana, asingekuwa anapika tambi za pakiti ofisini. Pil-nam aliwadharau wote, na waliowaamini aliwadharau zaidi.

"Mimi nitakuita Bwana Pyo," alisema. "Jina nitakuita siku utakapokuwa nalo lako mwenyewe."

Jumatatu Bwana Pyo alikuja kuchukua muhuri. Jumanne alikuja kusema muhuri unafanya kazi. Jumatano hakuwa na sababu, akaja na mandu bapa za moto, vile vifuko vya unga vya kukaanga, kwenye sahani ya karatasi, pilipili juu, akala amesimama huku akimwangalia Pil-nam akichonga. Kufikia wakati maua ya cheri yalipochanua, walikuwa wakitembea kando ya mto kila Jumapili, Bwana Pyo kavaa sweta ya kijani ambayo Pil-nam alisema inamfanya afanane na figili lenye majani.

"Kipenzi, hujawahi kunisifia kitu hata kimoja."

"Figili nalipenda. Endelea kutembea."

"Na wewe, Pil-nam ulipewa na nani?"

"Babu. Pil, lazima. Nam, mwanamume. Nilikuwa msichana wa tatu, basi akanigeuza barua ya madai: anayefuata awe mvulana. Wakafuata mapacha."

"Wavulana?"

"Wasichana."

Bwana Pyo alicheka hadi akashika mti. Na kwa kuwa alicheka vizuri, bila huruma, Pil-nam alimwambia jambo ambalo hata mama yake hakulijua: kwenye droo ya kibanda kuna fomu ya mahakama ya kubadili jina, ameijaza tangu ana miaka kumi na tisa. Jina alilichagua mwenyewe.

"Jina gani?"

"Halikuhusu."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe. Utampelekea mama yako."

Alisema kwa mzaha. Wiki mbili baadaye, asubuhi, muuza soksi alimpigia makofi kutoka ng'ambo ya ujia. Muuza vifungo akamletea keki ya mchele. "Hongera, mwanangu! Harusi lini?"

"Harusi ya nani?"

"Usitufiche! Mama yako kaeneza habari tangu jana. Kijana kampigia simu kuuliza saa uliyozaliwa!"

Saa ya kuzaliwa haiulizwi kwa ajili ya keki. Huulizwa kutazama kama nyota za wachumba zinapatana, na mama yake Pil-nam, anayeuza dagaa wakavu upande wa pili wa soko, alikuwa amelia kwa furaha mbele ya wateja. Pil-nam alitoka nje na simu.

"Bwana Pyo. Saa yangu ya kuzaliwa unaitakia nini?"

"Ilikuwa nikushtukize, mpenzi. Nakuja. Usikasirike mpaka nifike."

"Nimeshaanza."

Alifika akihema, kavaa suti, mkononi bahasha nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Ndani mlikuwa na karatasi ngumu ya yule mtaalamu: Tak Seo-yun.

"Ulisema unalichukia jina lako," alisema Bwana Pyo. "Mama anasema silabi ya mwanamume katika jina la mke hunywa bahati ya mume. Bila jina jipya hatoi baraka zake, na harusi hakuna. Nikaona, mbona wote tutafurahi? Wewe unapata jina, mama anatulia..."

"Na wewe unapata nini? Usingizi?"

"Pil-nam..."

"Do-yun na Seo-yun! Umeyasoma pamoja? Silabi moja, kama watoto wa tumbo moja! Mzee kachoka hata kutafuta silabi ya pili, na wewe umebeba bahasha mbio kama mleta chakula. Mnanioza au mnanifanya dada yako?"

Bwana Pyo alisoma. Akasoma tena.

"Jina hili nalichukia, ndiyo," alisema Pil-nam. "Nimelichukia miaka thelathini na mitatu, peke yangu. Kulichukia ni kwangu. Nilikupa siri yangu ukaipeleka kwa mama yako ikatiwe chumvi."

Akachovya kalamu kwenye wino mwekundu wa mihuri, akaandika Seo-yun kwa herufi kubwa juu ya bahasha. Muuza soksi alishika mdomo. Muhuri hugongwa kwa wino mwekundu, lakini mtu aliye hai haandikwi jina kwa mkono kwa wino huo.

"Huyo kafa. Mpeleke mama yako akamzike."

Bwana Pyo aliondoka. Alipiga simu siku kumi mfululizo, hazikupokelewa, akaacha. Pil-nam alisema kwa wateja kwamba amepumzika, kwamba wanaume wa kupigiwa pasi wamejaa tele mjini. Mandu bapa aliacha kuzila. Alimkumbuka mno, na hilo lilimuudhi kuliko kila kitu.

Mvua za majira ya joto zilipokwisha, koti la kijivu lilisimama tena kwenye kaunta. Halikuwa limepigwa pasi.

"Nataka muhuri," alisema, akasukuma karatasi ya oda. Pyo Man-bok.

Pil-nam hakuinua kichwa. "Mtaalamu gani huyo tena?"

"Dereva wa basi." Akaweka hati ya mahakama juu ya funguo. "Karani aliniambia watu hulikimbia jina kama hili, hajaona anayelirudia. Mama hajazungumza nami wiki tatu. Nimehama. Napika mwenyewe, vibaya."

"Hilo linaonekana kwenye kola."

Alitoa karatasi nyingine, fomu ya kuandikisha ndoa. Upande wa mume ulikuwa umejaa. Upande wa mke palikuwa na neno moja tu, Tak.

"Nimeandika ukoo peke yake," alisema. "Silabi mbili zilizobaki sizigusi. Ukitaka zile za kwenye droo, nenda mahakamani kwa wakati wako, mimi nitasubiri. Ukitaka hizi za babu, andika leo. Usipotaka kabisa, nichongee muhuri tu."

Pil-nam aliichonga mbao ya muhuri kwa dakika ishirini, akaipuliza vumbi. Kisha akavuta fomu, akachukua kalamu ya wino mweusi, akaandika taratibu: Pil. Nam.

"Na lile la kwenye droo?"

"Bado halikuhusu." Upepo wa kwenye ngazi ukainyanyua karatasi. Pil-nam, machozi yakimlenga na uso umekunjamana kwa hasira ya kulia mbele ya muuza soksi, akauchovya muhuri wake mwenyewe kwenye wino mwekundu, tayari kuugonga.

"Man-bok," alisema. "Usisimame kama mlingoti. Shika karatasi."