Mpira Uliotokea Ubavuni

"Huo mpira haujiokoti, kaka."

Shahinaz alimwambia hivyo mwanamume aliyekuwa ameganda mlangoni, kwenye kiti cha magurudumu ambacho bado kilinukia upya, mpira mweupe umekwama kwenye gurudumu lake. Ukumbi wa mpira wa meza ulikuwa umefurika kama kila Jumamosi, wachezaji wa vitini huku, wanaotembelea magongo kule, na Iskandaria nzima ilikuwa kama imehamia humo na makelele yake. Mgeni alikuwa amekosea mlango. Alikuwa akitafuta chumba cha kunyooshwa viungo. Alikuwa na macho mazuri na sura ya mtu aliyeonewa na dunia nzima.

Shahinaz akamweka mezani siku hiyo hiyo. Alimfundisha kufunga breki, kusogea karibu na meza na kushika raketi bila kuinyonga shingo. Kisha akampa kanuni ya wachezaji wa vitini: mpira wa kuanzisha lazima utokee mwisho wa meza, upande wa mwenzako. Ukitokea ubavuni hakuna aliyepata wala aliyekosa, unarudiwa.

"Hata mara kumi?" mgeni aliuliza.

"Hata mpaka tuzeeke."

"Basi nimeupenda mchezo huu, mwalimu."

Shahinaz akacheka, na hapo ndipo alipokwisha kwa mapenzi.

Jina la mgeni lilikuwa Midhati, fundi rangi wa majumba mpaka jukwaa lilipovunjika naye, akapooza miguu. Kwa simu alimweleza Shahinaz mambo ambayo hata mama yake mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Miguu ya Shahinaz ilikwenda na polio angali mtoto, hakujua maisha mengine, kwa hiyo yeye kazi yake ilikuwa kumtania mpaka acheke. Majira ya baridi yalipokwisha, Midhati akasema Ijumaa atakuja na mjomba wake, aposwe mtu kwa heshima na Fatiha ya uchumba isomwe.

Ijumaa hiyo Shahinaz alivaa gauni la samawati na hereni za marehemu mama yake. Baba yake, Ustadhi Lutfi, alifunga tai. Sharbati ya waridi iliwekwa barafu, na barafu ikayeyuka. Simu ya Midhati ilikuwa imezimwa. Magharibi ilipoadhiniwa baba alifungua tai, na hilo ndilo lililomuuma binti yake kuliko yote.

Kesho yake Midhati alikuja ukumbini, macho chini. Shahinaz hakumpa nafasi ya salamu.

"Seti moja. Nikishinda, ufute namba yangu na utafute klabu nyingine."

"Sawa," alisema, na huko kukubali kwake upesi kulizidi kumpandisha Shahinaz hasira.

Alimchezea bila huruma, mpira mfupi nyuma ya wavu pasipofika mkono, kisha mrefu wa kiwikoni. Midhati alijinyoosha mpaka kifua kikalala mezani, akarudisha hata isiyorudishika. Meza za jirani ziliacha kucheza. Ikabaki pointi moja Shahinaz ashinde, na kuanzisha ni zamu yake.

Mpira wake ukatokea ubavuni. Ukarudiwa, ukatokea ubavuni tena. Ukumbi mzima ulijua Shahinaz hakosei kuanzisha. Alipangusa kiganja, akasingizia jasho, akapiga, na mpira ukafuata njia ile ile.

"Mwalimu," Midhati alisema taratibu, "hivi tutazeeka."

"Basi sema. Jana ulikuwa wapi?"

"Kwenu. Chini, kwenye ngazi. Lifti ina kufuli lenye kutu. Mjomba akachuchumaa anibebe mgongoni. Nikajiona naingia kwa baba yako kama gunia la mchele, na wewe umependeza, unanitazama. Nikamwambia turudi."

Wanaume bwana. Shahinaz alitaka kumrushia raketi.

"Na mimi unadhani napanda kwa mabawa?"

Miezi yote hiyo Midhati hakuwahi kujiuliza.

"Napanda kwa makalio, Midhati. Kinyumenyume, ngazi moja moja, ghorofa nne, na kiti namwachia bawabu. Sasa ulikuwa unamwonea haya nani?"

Midhati alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nifundishe," alisema.

Shahinaz akautia mpira mfukoni. Pointi ile haijachezwa mpaka leo.

Ijumaa iliyofuata walipanda pamoja, migongo mbele, yeye na gauni lake la samawati, Midhati na suti ya kijivu iliyochanika suruali kabla ya ghorofa ya pili. Mjomba alifuata na boksi la halua, anacheka peke yake. Walipofika ghorofa ya tatu Midhati akaomba wapumzishe mikono, na hapo wakasikia hatua zikishuka. Ustadhi Lutfi alikuwa na tai yake na sinia la sharbati. Alimtazama mkwe, akaitazama suruali, kisha akaweka sinia chini na kuketi nao kwenye ngazi.

"Leo hatungoji barafu iyeyuke," alisema, akakunjua viganja kuanza Fatiha.