Bwawa la Garrendale

Hivi wewe, ushawahi kulipwa kumkaribisha mtu kwenye nyumba isiyokuwa yako?

Hiyo ndiyo kazi aliyopata Suad. Degree ya jiografia, miaka ya kuomba kazi na kukataliwa kwa "unfortunately, on this occasion", halafu kampuni moja ya Stratford, London, ikamchukua aandike vivutio vya miji ambayo maisha yake hataiona. Akapewa Garrendale, kijimji cha Australia chenye barabara moja, kondoo wa saruji mkubwa kama nyumba, mwamba wa kupanda kutazama machweo, na bwawa jeusi chini ya maporomoko, katikati ya mikaratusi.

Mtu wa huko alimwambia kwa simu kuwa wenyeji wa asili hawaingii bwawani kimyakimya. Wanasimama ukingoni, wanaita, wanasubiri. Suad hakushangaa. Mama yake, Bi Jokha, chemchemi ya kwao Pemba alikuwa haichoti bila ya kubisha hodi. Akaliandika hilo.

Bosi wake, Elkana wa Nairobi, akacheka. "Dadangu, hiyo line toa. Nani atapanda ndege siku nzima aende kubishia maji hodi?"

"Wenyewe ndivyo wanavyofanya."

"Wenyewe hawanunui tiketi. Toa, ama nimpee mtu mwingine hiyo kazi."

Akaitoa. Badala yake akaandika: Jump right in, there's no one to ask. Jirushe tu, hapana wa kumuuliza.

Kesho yake zulia la kwao Ilford, alikokaa na mama yake, likanuka tope.

"We Suad, umejipaka dawa ya mafua?" aliuliza Bi Jokha. Ilikuwa harufu ya mikaratusi. Halafu tone, nyuma ya kochi, pasipo na bomba wala mfereji. Tone, na jengine, na kila Suad akisogeza kochi anakuta pakavu, na kila akilirudisha linaanza tena, karibu zaidi na kiti cha mama yake.

Jumamosi mchana, Suad yumo jikoni anamenya mbatata, mlangoni ikaja sauti, si ya mwanamme si ya mwanamke, nzito kama ya mtu aliyezamishwa kichwa ndani ya ndoo: "Hodi." Na Bi Jokha, aliyeondoka Pemba msichana zama za njaa baada ya Mapinduzi, ambaye miaka yote ya London hajui ila kengele ya umeme na watu wa council, akachanua uso kama aliyeitwa na ndugu yake, na kabla Suad hajawahi kutupa kisu akamzibe mdomo, akaitika:

"Karibu. Karibu ndani."

Mlango haukufunguka. Zulia ndilo lililobonyea, wayo kwa wayo, likichuruzika maji, mpaka kwenye kiti.

"Baridi, mwanangu," alinong'ona Bi Jokha.

Mzee Mbarouk, mganga kutoka Wembley, alisoma mpaka sauti ikamkauka. Alipotoka suruali imerowa.

"Simuwezi," alisema chini chini. "Huyu hakuvunja mlango, kakaribishwa. Anasema kwake bwawani watu wanaingia makundi kwa makundi, habishi hata mmoja. Wakianza kubisha, atarudi kwake."

Suad akampigia Elkana. "Please. Irudishe ile line. Moja tu."

"Suad, hiyo page inafanya poa sana, watu wana-book. Na wewe contract yako iliisha juzi. Hukuona email?"

Sasa Bi Jokha amekaa karibu na radiator na nywele hazikauki. Akipita mtu nje, anageuza shingo polepole, maji yanamtoka pembeni mwa mdomo, na kwa Kiingereza safi ambacho maisha yake hakukijua anasema: "Jump right in. There's no one to ask."

Juzi nguo zilimrowa mpaka magotini. Leo kifuani.

Basi nyinyi mliokaa Stratford mnahesabu clicks, maombi ya Suad ni hayo hayo, mstari mmoja, neno moja. Waambieni watu wabishe hodi. Urudisheni ule mstari, na urudisheni leo.