Vyerehani vya Kisarawe na Janga

Jumatatu asubuhi, mwaka 1954, ghala la Chama cha Mama Washonaji hapo Kisarawe lilifunguliwa likakutwa tupu. Vyerehani sita, msaada wa Baraza la Wenyeji kwa wajane, havikuwamo. Kufuli lilikuwa zima. Jua halijapanda, mlinzi Mzee Kondo alikuwa ameshatiwa ndani, na Isihaka, katibu wa chama, anautangazia mji kwamba mwizi amepatikana.

Adamu, mkaguzi wa Baraza, alitakiwa kuthibitisha hayo kabla Kondo hajapelekwa mahakamani Dar es Salaam siku ya Jumatano. Alimkuta mzee amejikunyata mahabusu, chumba ambacho mtu hawezi hata kunyoosha miguu.

"Shikamoo, mzee. Usiku ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Nilikwenda kuswali isha, nikarudi, kufuli lipo. Ufunguo sijapata kuushika, mwanangu."

Funguo zilikuwa mbili: mmoja wa Isihaka, mwingine wa Mwanakheri, mwenyekiti. Adamu akamwendea Mwanakheri, shaka imemjaa.

"Ufunguo wangu huu hapa," alisema mama yule, akiufungua kwenye pindo la khanga. "Hivyo vyerehani nivipeleke wapi visijulikane? Kimoja kina kovu. Mwaka jana nilisahau pasi ya makaa juu ya meza yake, ikaunguza mbao. Nililia, maana ni kitu cha watu."

Kovu hilo Adamu alilijua, ila hakuliona Kisarawe. Aliliona Janga, upande wa Kibaha, kwenye tawi la chama hichohicho, miezi mitatu nyuma alipokwenda kukagua vyerehani sita vya kule. Kule alikuwa amekitua kikombe chake cha chai juu ya kovu hilo.

Akaanza kuunganisha mambo. Kila alipomaliza kukagua Kisarawe, Isihaka alimshikilia siku mbili kwa pilau na maongezi kabla ya kumwachia aende Janga. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli, mwenyeji alipona! Adamu akatia saini vyerehani kumi na viwili, kumbe macho yake yaliona vilevile sita mara mbili. Sasa Baraza lilikuwa limeamuru maghala yote mawili yakaguliwe Jumanne, kwa wakati mmoja. Ndipo "wizi" ukatokea.

Akisema, kazi hana. Asiposema, Kondo anafungwa. Aliogopa sana, hata akatamani apatwe na homa alale tu, mambo yajiendee yenyewe.

Jumanne alipanda lori pamoja na askari mmoja na Mwanakheri, aliyebeba pasi yake ya makaa. Isihaka alikuwa ametangulia Janga kupokea wakaguzi, sahani zimefunikwa kawa.

"Karibu, bwana mkaguzi. Tule kwanza."

"Leo sili. Fungua ghala."

Waliokuwepo wakatazamana, maana kukataa chakula cha mtu ni kumtukana. Isihaka alifungua. Mwanakheri akaenda moja kwa moja kwenye cherehani cha pili, akaiweka pasi yake juu ya kovu. Ikakaa sawasawa.

"Baraza lilikupa fedha za vyerehani kumi na viwili, ukanunua sita tu," alisema Adamu. "Fedha za sita vingine ziko wapi?"

Isihaka alitazama mlango. Askari alikuwa amesimama hapo.

"Nilijenga nyumba ya bati, Mlandizi. Nilisema nitavinunua baadaye." Kisha akashusha sauti. "Lakini saini ni yako, bwana. Ukinitia ndani, nawe umo."

"Nimo," Adamu alijibu kwa sauti iliyosikika na wote. "Mficha uchi hazai. Afande, umesikia."

Jioni Kondo alifunguliwa. Adamu, ambaye alikuwa ameshasimamishwa kazi, alimngoja mlangoni, akamweleza yote na kumwomba radhi.

"Kila ulipomaliza kukagua, lori lilipakia vyerehani mbele ya macho yangu," alisema mzee, "wewe uko barazani kwa Isihaka."

"Basi mbona jana hukuniambia, mzee wangu?"

Kondo alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nikuambie nini? Mimi nilidhani unajua. Si ulikuwa unakula nao?"