Mawe ya Pangoni

Ukuta wa chumba cha uani ulikuwa unalowa. Mvua haikuwepo, kilikuwa kiangazi, na vumbi la Temeke lilikuwa limewaganda watu hadi kwenye kope. Ukuta ulilowa wenyewe, kuanzia chini. Mwajabu alipitisha kidole, akakilamba. Chumvi.

"Baba Chausiku, hebu onja huku," alimwita mumewe.

Kondo akaonja, akacheka. "Nyumba mpya hiyo. Haijakauka tu."

Walikuwa wamehamia majuzi, mwaka ule wa sherehe za kutawazwa malkia wa Uingereza, mitaa ikiwa bado ina vibendera. Kondo alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kihindi. Alikuwa amechoka kupanga vyumba vya watu, akajinyima miaka mingi mpaka akapata kiwanja na simenti. Kazi ya kujenga alimpa Mwinjuma, kaka yake Mwajabu, fundi mwashi mwenye jina mjini. Walikubaliana nyumba nzima iwe ya matofali ya simenti, Kondo asije akalala macho tena wakati wa mvua za masika. Nyumba iliinuka Kondo akiwa safari za bara. Aliporudi aliikuta imekwisha pigwa lipu na chokaa, nyeupe, inaumiza macho. Mwajabu alisimama mlangoni akalia kwa furaha.

Baada ya ukuta kulowa ikaja harufu. Ilikuja mchana, jua likiwa la utosi: harufu ya mwani uliooza, na ndani yake udi, kama mtu anafukiza chumba cha pili. Mwajabu alizunguka nyumba nzima asione chetezo. Kisha akamsikia Chausiku, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno ya utoto, akiongea taratibu chumbani kwake, kile kile cha uani.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na bibi."

"Bibi gani?"

"Huyu wa ukutani. Ananiuliza kwao ni wapi. Mie nimemwambia sijui."

Jioni Kondo alichukua kisu akakwangua pale palipolowa. Lipu ilibanduka kipande kizima, na nyuma yake hapakuwa na tofali. Kulikuwa na jiwe la matumbawe lenye vitundu, limeshikizwa kwa udongo na mchanga wa pwani. Upande mmoja lilikuwa jeusi. Kondo akalisugua kwa kidole, akanusa, akamtazama mkewe.

"Masizi ya udi," alinong'ona.

Mwinjuma alipoitwa aliapa huku akitazama chini. "Wallahi shemeji, matofali yalipungua kidogo tu, nikajazia mawe ya kuchimba. Wenzako wote wanajenga hivyo."

"Na haya masizi?"

"Mawe yamekaa porini, watu wanachoma mkaa. Nitajuaje mie?"

Kondo akarudisha kisu jikoni. Aliona aibu majirani wajue kwamba nyumba aliyojisifia ni ya mawe na udongo. Mwajabu naye hakutaka kumwita mwongo mtu aliyelala naye tumbo moja. Mwinjuma akakoroga lipu, akaziba pale pale, akaenda zake. Usiku ule Chausiku akashikwa na homa.

Homa haikushuka kwa mwarobaini wala kwa vidonge vya zahanati. Siku moja adhuhuri Mwajabu alikuwa uani anapembua mchele, mtaa mzima umenyamaza, hata kuku wameacha kuparua, ndipo akasikia mtu anaimba chini chini chumbani, wimbo wa kubembeleza asioujua, kwa sauti nzito ya mwanamke mzima, akaacha ungo ukaanguka na mchele wote, akaingia na kumkuta Chausiku amelala ubavu, shavu amelibandika ukutani, na ule ukuta umelowa mpaka juu kwenye boriti, unapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu anayejizuia kulia, na midomo iliyokuwa ikiimba ilikuwa ya mtoto wake.

Alimbeba akakimbia naye barabarani, kanga moja, anapiga mayowe.

Bi Mwanakombo, mganga aliyejua habari za majini, alikuja siku hiyo hiyo. Alimlaza mtoto mkekani, akafukiza ubani, akamfunika shuka jeupe. Kondo na Mwajabu walikaa pembeni. Mwinjuma alisimama mlangoni, kiatu kimoja ndani, kimoja nje.

"Assalamu alaikum, mgeni," mganga alisema kwa adabu. "Umefuata nini kwa mtoto mdogo?"

Sauti nzito ikatoka chini ya shuka. "Sikufuata. Nililetwa. Nilikuwa na nyumba inayotazama bahari, watu wakiniletea marashi na udi. Nimevunjiwa. Sasa nyumba yangu imo ukutani mwao, na mie nitakwenda wapi?"

"Nani aliyekuvunjia?"

Mkono wa mtoto ukatoka kwenye shuka, ukanyooka mlangoni.

Mwinjuma alianguka magoti. Maneno yakamtoka yenyewe: ile simenti aliipeleka kwa mwenye duka mmoja kule Kinondoni, aliyetaka kujengewa nyumba kwa haraka. Ya shemeji yake akaijenga kwa mawe aliyoyabomoa kwenye pango moja la mizimu kule pwani, mbele ya Kunduchi, kwa kuwa yalikuwa laini na hayana mwenyewe.

"Hayana mwenyewe!" Bi Mwanakombo alisema polepole. "Yarudishwe. Yote."

Mwajabu hakumtukana kaka yake. Alimwangalia tu, na Mwinjuma akainamisha kichwa.

Kondo aliivunja nyumba yake kwa mikono yake. Majirani walisimama wakimtazama akipiga nyundo, na hakuna aliyecheka. Alipofika chumba cha mbele, alichotaka kupokelea wageni, alikaa kidogo chini, akajifuta uso, akaendelea. Mawe yalipakiwa kwenye lori, safari baada ya safari, na Mwinjuma akayapanga upya pangoni, vidole vikimvuja damu. Siku ya mwisho walikwenda wote pangoni, Bi Mwanakombo na mtoto pia. Jiwe la mwisho lilipokaa, upepo wa bahari uliingia pangoni, na Chausiku akafumbua macho mikononi mwa mama yake. Homa ilikuwa imekwisha. Mwajabu alimbana kifuani akamshukuru Mungu.

Kisha ile sauti nzito ikauliza kinywani mwa mtoto, safari hii taratibu sana:

"Na wanangu?"

Bi Mwanakombo akashtuka. "Wanao wako wapi, bibi?"

"Walikuwa kwenye mawe madogo. Yale ya ndani kabisa. Siwaoni."

Wote wakamgeukia Mwinjuma. Alikuwa ameziba uso kwa mikono yake.

"Yale madogo niliyachoma," alisema. "Niliyatia tanurini. Ndiyo ile chokaa ya nyumba."

Chokaa ilikuwa imekwisha pukutika na kuta, imepeperushwa Temeke nzima. Bi Mwanakombo alikimwagia maji chetezo chake, akaanza kukusanya vitu.

"Bi, usituache," Mwajabu alimshika kanga. "Mtoe. Nakuomba, mtoe kwa mwanangu."

"Majini nimezoea kuwatoa, mwanangu. Mama aliyefiwa nitamwambia aende wapi?"

Mwinjuma hakuonekana tena Temeke. Kondo alijenga kibanda cha fito na udongo pale pale kiwanjani. Chausiku akawa anakula, anacheza, anaamkia watu wazima shikamoo kama watoto wenzake. Lakini kila adhuhuri aliacha mchezo, akakaa chini uani, akakunja mikono kifuani na kuanza kujitikisa, akiimba ule wimbo. Mwanzoni Mwajabu alimnyanyua kwa nguvu, akamsomea dua, akamlilia. Kondo alikuwa akiondoka zake, asione.

Mchana mmoja Mwajabu aliketi tu karibu yake, bila kumgusa. Mtoto aliacha kuimba. Jasho lilimtiririka usoni.

"Nipokee kidogo," alisema. "Mikono imechoka."

Mwajabu hakujua aliyesema ni yupi. Alinyoosha mikono, na ikashuka kwa uzito wa kichanga asiyeonekana, uzito kamili, wa moto, wa moto wa tanuri. Ngozi ilimuungua. Hakumwachia. Alimsogeza kifuani, akaanza kumbembeleza.