Mia Tatu za Ijumaa Kuu

Mahlet alikuwa anatafuta tu pa kusimama. Ilikuwa Ijumaa Kuu saa tisa alasiri, ua wa kanisa la Urael umefurika, Addis nzima imejifunga mashuka meupe na inasujudu: magoti chini, paji la uso chini, inuka, anza upya. Rafiki yake Bezawit ndiye aliyemburuta huku, maana kanisa la mtaani kwao lilijaa hadi barabarani. Mahlet akajipenyeza nyuma ya mama mmoja mnene, akatupa jicho upande wa wanaume, akamwona mpenzi wake, Surafel.

Surafel huyo huyo aliyempigia simu asubuhi akisema yuko mji wa Adama kwa shangazi.

"Kumbe shangazi amehamia Urael?" Bezawit akanong'ona.

"Nyamaza, nahesabu."

Watu wengine walisujudu mara arobaini, hamsini, kila mtu kwa kadiri ya alichoungama kwa baba yake wa roho. Surafel akapita mia. Akapita mia mbili. Shati limemganda mgongoni, vumbi limemchora duara kwenye paji la uso. Ya mia tatu ndiyo iliyomkalisha chini.

"Mia tatu!" Bezawit akashika shavu. "Huyo ameua au ameoa."

Mahlet hakucheka. Surafel aliahidi kuleta washenga kabla ya mfungo. Mfungo ukaanza bila hodi, na kwenye mfungo hakuna posa, kwa hiyo karibu siku hamsini na tano zikapita bila nyama, bila siagi, bila washenga. Kila akiuliza, jibu ni lile lile: "Watakuja, mrembo wangu." Leo mia tatu!

Akamngoja getini.

"Hujambo, Adama?"

Surafel akakauka. "Mahi..."

"Shangazi hajambo?"

"Mahi, sikiliza, si unavyofikiri."

"Basi nieleze nifikirije."

"Siwezi. Nimeahidi mtu."

"Mwanamke?"

"Haki ya Mungu, leo Ijumaa Kuu, nitakudanganyaje?"

"Asubuhi uliponidanganya ilikuwa Jumanne?"

Surafel akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Wiki ya mateso watu hawapeani mikono wala mabusu, kwa sababu ya lile busu la Yuda.

"Una bahati hairuhusiwi kugusana," Mahlet akasema. "Ningekugusa kwa kofi. Mia tatu za nini?"

"Hayo ni ya kwenye maungamo."

"Basi Pasaka kale na aliyekuungamisha."

Jumamosi simu ililia mara kumi na moja. Mahlet alikuwa jikoni akikatakata vitunguu vya mchuzi wa kuku, lundo zima, akashukuru kupata kisingizio cha macho mekundu. Kichwani alikuwa anachambua kila kitu: ile Jumapili aliyochelewa Surafel, yale manukato mapya, ile simu aliyoipokelea nje. Ujumbe ukaingia: "Mimi ni wako peke yako." Akajibu: "Na kule Urael ulikuwa wa nani?"

Jumapili asubuhi sebule ilitandazwa majani mabichi, kahawa inanukia, na baba yake, Ato Gizachew, mjane mwenye magoti mabovu na fimbo, amevaa nyeupe tupu kama bwana harusi. Mahlet akamlisha tonge la kwanza la mkate wa injera na kuku. Simu ikalia.

"Pokea," baba akasema.

"Ni mwongo mmoja."

"Surafel?"

"Amesujudu mia tatu, baba. Mtu safi anasujudu mia tatu?"

Mzee akaacha kutafuna. Akaweka chini yai alilolishika, taratibu, kama linaweza kulipuka.

"Hizo ni zangu."

"Zako nini?"

"Washenga wake walikuja, mwanangu. Kabla ya mfungo, ulikuwa kazini. Wazee watatu, wamevaa makoti mazuri. Nikawaambia umeshaposwa." Hakuinua macho. "Ukiondoka, humu nabaki mimi na redio. Wiki hii nikaungama, nikapewa mia tatu. Kwa magoti haya? Nikampigia yeye azifanye badala yangu."

"Ukampigia yeye! Uliyemfukuzia washenga!"

"Ningempigia nani mwingine? Nilimwambia yote, nikamwapisha asikuambie. Hata kasisi sikumwuliza kama inafaa."

Mahlet alitaka kupiga kelele, kucheka pia, akashindwa achague lipi. Simu ikalia tena, akaichukua.

"Kristo amefufuka," akasema.

"Amefufuka kweli. Umenipokelea!"

"Baba amesema. Kwa nini hukuniambia uliwaleta?"

"Ungemchukia. Na una mzazi mmoja tu."

"Na alipokuomba umsujudie dhambi aliyokutendea wewe mwenyewe, hukuona kichekesho?"

"Nilicheka mpaka nikakasirika. Nilipanga nifanye hamsini, nimwambie tayari."

"Lakini ulifika mia tatu. Nilikuwepo."

"Na zangu ishirini na moja, kabla hujafika."

"Zako?" Sauti ya Mahlet ikapanda tena. "Zako za nini?"

"Za kumchukia baba yako."

"Na sasa?"

"Nilipofika kama mia mbili, magoti yakauma kweli kweli, nikajiuliza angewezaje yule mzee. Baada ya hapo sikukumbuka kumchukia."

Mahlet akamtazama baba yake, aliyejifanya anatafuta stesheni kwenye redio iliyozimwa.

"Baba anauliza washenga wanakuja lini."

"Sijauliza!" mzee akaruka.

"Siku yoyote atakayosema," Surafel akacheka. "Wale wazee hawajawahi kuvua yale makoti."

Ato Gizachew akatazama sufuria, akamtazama binti yake, akakohoa.

"Mwambie leo. Na waje na njaa."