Dawa za Mwanangu Zilikuwa Zinaishia Kwenye Sinki

Nilimkuta mume wangu anamwaga dawa za mtoto wetu kwenye sinki...

Kama hujaelewa, rudia kusoma. Hakuwa amelewa na hakuwa amekosea kikombe. Amesimama jikoni, kikombe cha plastiki mkononi, yale maji mekundu ya dawa yanazunguka kwenye tundu la sinki, na kidole chake kinasukuma chenga za mwisho zisibaki.

Mtoto mwenyewe amekaa kwenye kigoda pembeni, anamtazama kama mtu anayetazama vyombo vikioshwa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwa kawaida saa hiyo mimi niko kazini. Napiga pasi mashuka kwenye dobi kubwa, naondoka kabla hakujapambazuka na narudi saa nane mchana, siku saba kwa wiki, maana mashuka hayana Jumapili. Siku hiyo boila ya kutoa mvuke wa pasi iligoma, msimamizi akatuambia turudi makwetu. Ndiyo nikaingia nyumbani bila hodi.

"Fundi, unafanya nini?"

Akageuka. Kikombe kikamponyoka.

"Mama Kifungo... ngoja nikueleze."

Mume wangu ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele hapohapo tunapoishi. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi pia. Binti yetu ana miaka saba, na Kifungo ndilo jina alilompa baba yake siku ile alipozaliwa mdogo mno, kama kifungo cha shati.

Sasa sikilizeni tulivyofika hapo.

Kifungo alianza na uvimbe shingoni, upande wa kulia, kama punje ya hindi. Ukawa kama ndimu. Tukazunguka hospitali mpaka viatu vikaisha soli. Mwishoni tukaambiwa ni TB ya tezi. Akaanzishiwa dawa za miezi mingi, kila siku vidonge vinne vya kuyeyusha kwenye maji. Kwa kuwa mimi asubuhi sipo, nesi akaandika jina la Fundi kwenye kadi kuwa yeye ndiye msimamizi wa dawa. Kila akimpa, anaweka alama.

Wiki nne za mwanzo, raha tupu. Uvimbe ulipungua, mtoto akarudi kuruka kamba. Nikaanza hata kumshonea sare mpya ya shule... samahani, Fundi ndiye alishona, mimi nilipiga pasi.

Wiki ya tano mambo yakageuka.

Uvimbe ukarudi, tena na mwenzake. Homa zikaanza kuja jioni na kuondoka asubuhi. Tukawa tunaandika kila kitu kwenye daftari: leo homa, leo hajala, leo shingo imekuwa nyekundu, leo kakojoa kitandani, leo kanyamaza siku nzima. Kurasa zikajaa.

Shuleni mwalimu akanirudishia mtoto kwa maneno matamu. Nikamweleza kuwa daktari amesema TB ya tezi haiambukizi darasani. Akaniambia anaelewa, ila wazazi wengine hawaelewi. Basi Kifungo akabaki ndani, kwenye vyumba viwili, kati ya kitanda na cherehani.

Nyie mnajua kukwama? Ukimpa dawa, anavimba. Usipompa, ugonjwa unamla. Huwezi kwenda mbele, huwezi kurudi nyuma, na kila asubuhi kikombe kiko pale kinakusubiri. Nilikuwa napiga pasi huku machozi yanadondokea mashuka ya watu.

Ndiyo maana nilipomwona Fundi kwenye sinki, damu ilinipanda kichwani.

"Siku ngapi?" nikamuuliza.

Akainama kuokota kikombe.

"Nimekuuliza, siku ngapi unamwaga?"

"Kumi na tisa."

Wenzangu, nilikaa chini. Siku kumi na tisa! Na kadi imejaa alama, nzuri, zimenyooka kama mshono wake.

Akaanza kujieleza. Eti yeye ni fundi, na nguo ikianza kukunjamana kwenye mashine huwezi kuendelea kukanyaga. Unasimamisha, unafumua, unaangalia tatizo liko wapi. Aliona kila akimpa mtoto dawa uvimbe unazidi, akasimamisha. Alitaka kuona kama utashuka.

"Umeshuka?" nikamuuliza.

"Haukushuka," akasema. "Ndiyo sielewi."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwita muuaji. Nikamwambia afungashe cherehani yake aondoke, kwamba mimi na mwanangu hatumhitaji. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na cha kwangu kilikuwa kinazishona kabisa hizo nguo. Kifungo alikuwa bado kwenye kigoda. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilimsahau.

Fundi hakubisha. Akafuta sakafu, akavaa shati, akachukua kadi.

"Twende kliniki sasa hivi," akasema. "Nitamwambia nesi kila kitu mwenyewe. Wakinifunga, wanifunge."

Hapo nikaishiwa pozi.

Mngetegemea nimshike mkono twende mbio, sivyo? Mimi niliyekuwa naita watu wauaji dakika mbili zilizopita? Nikamwambia hapana. Nikamwambia watatunyang'anya mtoto. Nikamwambia tungoje tarehe yetu ya kliniki, siku tisa zijazo, yeye aanze kumpa dawa vizuri na yaishe humo ndani.

Akanitazama sana. "Mtoto anazidiwa, wewe unataka kungoja?"

Nilikuwa na sababu zangu. Tulieni, nitawaambia.

Tukabaki hivyo, yeye mlangoni na kadi, mimi nimeegemea sinki, hakuna anayetoka wala anayekubali. Niliutazama ule mlango nikaona hata nikiupita, nitakachokikimbia nitakikuta kliniki.

Kilichotuamua ni Kifungo mwenyewe. Saa sita mchana aliniita kwa sauti ndogo, akasema shingo yake imelowa. Nikainua kola. Uvimbe mmoja ulikuwa umepasuka, usaha unashuka mpaka kwenye kifua cha gauni.

Sikufikiria tena. Nikamfunga kitambaa safi, nikachukua daftari la dalili, Fundi akambeba mgongoni, tukatoka.

Nesi wetu ni mama mtu mzima, mpole, ila macho yake yanahesabu. Alimsafisha Kifungo kidonda, akampima homa, akatuketisha kwenye benchi. Fundi hata hakungoja kuulizwa. Akasimama kama mtoto wa shule, akasema yote: kikombe, sinki, alama za uongo, siku kumi na tisa.

Nesi hakupaza sauti. Aliandika. Kisha akampa Kifungo kikopo, akamwambia aende chooni alete mkojo.

Kikopo kikarudi. Nesi akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Mkojo ulikuwa rangi ya chungwa.

"Baba," akasema taratibu, "hii dawa inabadilisha rangi ya mkojo. Mtoto aliyekaa siku kumi na tisa bila dawa hakojoi hivi. Huyu amekunywa dawa jana."

Fundi akatikisa kichwa. Akaapa kwamba jana alimwaga, juzi alimwaga, na kwamba hata yeye alikuwa anaiona ile rangi akidhani ni dawa za zamani zimegandamana mwilini. Ndiyo maana alizidi kuogopa.

"Basi kuna mtu anampa," nesi akasema.

Akaacha kumtazama Fundi, akanitazama mimi.

Jamani... mkuki kwa nguruwe.

Ndiyo. Nilikuwa mimi.

Kule dobi, doa likikataa kutoka hatuachi kufua. Tunarudia sabuni, mara mbili, mara tatu, mpaka liachie. Uvimbe uliporudi nikajiambia dawa ni ndogo, inatakiwa kurudiwa. Nikaenda kliniki peke yangu, nikamdanganya nesi huyuhuyu kwamba boksi moja la vidonge lililowa maji. Akanihurumia, akanipa jingine. Nikalificha kwenye ndoo ya nguo chafu, mahali ambapo mwanamume hafiki.

Kila siku nikirudi kazini, wakati wa kumwogesha Kifungo, nilikuwa namyeyushia vidonge vinne vingine. Nikijua kabisa kwamba asubuhi baba yake kashampa.

Nilisema yote hayo pale, mbele ya Fundi, nikitazama vidole vyangu. Hakuniita muuaji. Alikaa tu karibu yangu, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi.

Nesi akauliza kila mmoja alianza lini. Fundi alianza Jumatatu. Mimi nilianza Jumanne, wiki hiyohiyo.

Akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo baba anamwaga ya asubuhi, mama anarudia mchana. Ukiacha ile Jumatatu, mtoto amekuwa anapata dozi moja kwa siku, kama ilivyoandikwa."

Hakuna aliyecheka.

Akatueleza polepole. Kama ingekuwa ni Fundi peke yake, vijidudu vingepata nafasi ya kujijenga upya na kuizoea dawa. Kama ningekuwa mimi peke yangu, siku hiyo tungekuwa tunazungumzia ini la mtoto. Na ule uvimbe uliotutia wazimu wote wawili? Daktari alipokuja alisema kwenye TB ya tezi hutokea, katikati ya matibabu, tezi zikavimba upya na homa ikarudi, kwa sababu mwili unapambana na mabaki ya vijidudu. Si lazima iwe dawa imeshindwa. Kilichotakiwa ni tumlete tu, aonwe. Wakachukua usaha na damu kwenda kupima.

Majibu ya ini yalitoka alasiri hiyohiyo. Ini lilikuwa salama.

Niwaambie ukweli, mimi na Fundi tulishikana mikono kwa furaha. Nilianza hata kusema Mungu ni mkubwa, ona alivyozitumia njia zetu mbovu. Tulikuwa tunakaribia kujipongeza.

Nesi akamgeukia Kifungo.

"Mwanangu, wewe ulikuwa unajua baba anamwaga?"

Kifungo akaitika kwa kichwa.

"Na ulikuwa unajua mama anakupa?"

Akaitika tena.

"Kwa nini hukusema?"

Mtoto akanitazama, akamtazama baba yake, kama anayeomba ruhusa.

"Baba aliniambia nisimwambie mama," akasema. "Na mama aliniambia nisimwambie baba."

Akashika kitambaa chake cha shingoni.

"Nikisema, mtaachana."

Asubuhi ile ile, mbele ya kigoda chake, nilikuwa nimemwambia baba yake afungashe aondoke. Kitu alichokuwa anakiogopa siku kumi na tisa, mimi nilikuwa nimemthibitishia.

Nesi akaomba daftari letu la dalili. Akapitisha kalamu kwenye kurasa. Homa na uvimbe akasema ni vya ugonjwa. Kisha akazungushia mengine duara: hajala, kakojoa kitandani, kanyamaza siku nzima.

"Haya muulizeni mwenyewe," akasema.

Tulimuuliza njiani, tukiwa tumesimama pembeni ya ukuta fulani, Fundi kapiga magoti barabarani na suruali yake nzuri. Kifungo akasema alikuwa hali kwa sababu akikaa mezani na sisi wote wawili, anaogopa neno litamtoka kwa bahati mbaya. Ndiyo maana pia alinyamaza, na usiku hofu hiyohiyo ilimfuata mpaka kitandani.

Wiki zote zile nilikuwa nawalilia watu kwamba nimekwama. Aliyekwama alikuwa na miaka saba, na mlango wake tulikuwa tumeufunga sisi, mmoja huku, mwingine kule.

Nililia palepale barabarani, na sikujali nani anapita. Nikamwomba mwanangu msamaha. Kisha nikamwomba Fundi, mbele ya mtoto, ili aone.

Sasa dawa tumeihamishia saa nane na nusu mchana, kwa ruhusa ya nesi, nikisharudi. Fundi anasimamisha cherehani, mimi nayeyusha, Kifungo anakunywa na kuweka alama mwenyewe kwenye kadi. Alama zake zimepinda vibaya sana. Uvimbe wa pili bado upo, wiki iliyopita homa ilirudi siku mbili, tukampeleka, akaonwa, tukarudi naye. Safari ndiyo kwanza katikati.

Wewe unayesoma hapa na una mtoto kwenye dozi ndefu, nakusihi. Akizidiwa katikati, usikate na usiongeze. Utaalamu wako wa kazini uache kazini. Mpeleke, uliza, hata kama unaona aibu na hata kama tarehe yako haijafika.

Na tafadhali, usimwambie mtoto mgonjwa, "Hii iwe siri yetu." Ana mzigo wa kutosha.

Jana mezani Kifungo aliongea mfululizo mpaka chakula chake kikapoa, habari za paka wa jirani. Hatukumkatiza. Alipomaliza kuongea, alikula chote.